Kuta hazina kosa: kinachomchosha mtu aliyefungiwa nyumbani wakati wa janga

Mtu anaweza kukaa ndani siku tano mfululizo kwa sababu ya mvua, mtihani au mafua, na siku ya sita akatoka hana neno. Mtu huyohuyo, katika nyumba hiyohiyo, akiamriwa asitoke mpaka itakapotangazwa vinginevyo, siku ya tano usingizi umeshamkimbia, anamfokea mtoto kwa kijiko kilichoanguka, na habari aliyoisoma saa moja iliyopita anaisoma tena kana kwamba itakuwa imebadilika. Kuta ni zilezile, kitanda ni kilekile. Kwa hiyo ukisema watu walichoshwa na kukaa ndani, umesema sehemu ndogo sana ya jambo lenyewe.

Mwaka 2020 sehemu kubwa ya dunia ilipitia hali hiyo kwa pamoja. Mji wa Wuhan, China, ulifungwa Januari 23 ukafunguliwa Aprili 8, siku 76. Italia ilifunga nchi nzima mwezi Machi. India, yenye watu zaidi ya bilioni 1.3, ilitangaziwa jioni ya Machi 24 kwamba kuanzia usiku wa manane hakuna kutoka. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye, Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 magonjwa ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Ushauri nao ulimiminika. Pumua. Fanya mazoezi. Panga ratiba. Zima televisheni. Si ushauri mbaya, ila uligawiwa kama vidonge vya kila namna vilivyomwagwa kwenye mfuko mmoja, bila kuambiwa kipi ni cha nini. Msongo wa kufungiwa ndani ni nyuzi kadhaa zilizosokotana, na ukivuta uzi usio wenyewe fundo linakaza. Ndiyo maana mtu alipumua kwa utaratibu wote wiki mbili, akaona hakuna kilichobadilika, akajihisi hata kupumua kumemshinda.

Mwili uliojiandaa kwa kazi isiyokuja

Msongo kwa asili yake si ugonjwa. Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita jinsi mnyama aliyeshtuka anavyoandaliwa na mwili wake kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli. Mwaka 1936 Hans Selye akaandika kwamba mwili huitikia madhara ya kila aina kwa mtindo unaofanana. Nyuma ya adrenalini huja kortisoli, homoni inayohakikisha mwili una sukari ya kutumia na inayoahirisha mambo yanayoweza kusubiri. Yote haya ni mipango mizuri kwa tatizo la dakika kumi. Tatizo la miezi mitatu ni habari nyingine. Mtafiti Bruce McEwen alitumia miaka mingi kueleza jinsi mwili unavyochakaa pale mitambo hii ya dharura inapokosa kuzimwa: usingizi, kumbukumbu, shinikizo la damu, kinga, kila kimoja kinalipa sehemu yake.

Angalia sasa kinachofanyika wakati wa janga. Hatua ya mwisho ya mpango wote huo ni misuli kufanya kazi: kukimbia, kubeba, kuchimba, kupigana. Amri ya kukaa nyumbani inaikata hatua hiyo hasa. Unaambiwa hatari ipo, ni kubwa, haionekani kwa macho, na mchango wako katika vita ni kuketi. Kitabibu ni amri yenye maana. Kwa mwili ni kukanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo mazoezi yanapopata nafasi yake halali. Kazi yake si kupunguza unene wala kujaza muda. Yanaumalizia mwili sentensi iliyokatizwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Novemba 2020, lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na likasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Kupanda na kushuka ngazi ni shughuli. Kusugua sakafu mpaka jasho likutoke ni shughuli. Pumzi nayo ina kazi yake, nyembamba lakini ya kweli: ukishusha mwendo hadi pumzi kama sita kwa dakika, ukatoa hewa polepole kuliko ulivyoiingiza, mshipa wa fahamu uitwao vagasi huupunguza moyo kasi. Ni dawa ya dakika ile uliyoghadhibika au uliyoshtuka. Isilaumiwe kwa kushindwa kutibu mwezi mzima.

Uzi mnene kuliko yote: kutojua

Miaka ya 1970 ilipokuwa ikianza, mtafiti Jay Weiss alifanya majaribio ambayo leo yangezua maswali mengi ya maadili. Panya wawili walipigwa shoti ndogo za umeme zilezile, kwa nguvu ileile na wakati uleule. Mmoja alisikia mlio kabla ya kila shoti. Mwenzake alisikia milio pia, ila ililia ovyoovyo, haikuwa na uhusiano na shoti. Maumivu yao yalikuwa sawa. Lakini panya asiyepewa onyo alipata vidonda vya tumbo vingi zaidi.

Kwa nini, kama maumivu ni yaleyale? Fikiria kimya kinamaanisha nini kwa kila mmoja. Kwa panya wa kwanza, mlio usiposikika maana yake hakuna shoti, anaweza kulala. Kwa wa pili kimya hakisemi chochote, kwa hiyo anaogopa muda wote. Onyo halikumkinga yule wa kwanza na shoti hata moja. Lilimpa nyakati za kutoogopa.

Sasa kumbuka matangazo ya mwaka 2020. Wiki mbili. Kisha wiki mbili nyingine. Kisha mwezi, na tutatathmini. Virusi vyenyewe havikuwa na mlio: aliyekuuzia mkate anaweza kuwa navyo au hana, kukohoa kwako asubuhi kunaweza kuwa vumbi au mwanzo wa safari ya hospitali. Kimya kilikuwa hakisemi chochote. Mwezi Februari mwaka huo watafiti wa King's College London walichapisha katika jarida la The Lancet mapitio ya tafiti 24 kuhusu watu waliowahi kuwekwa karantini kwa magonjwa ya awali kama SARS na Ebola. Waliyoyataja kuwa yanaumiza ni muda mrefu, hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukosa la kufanya, upungufu wa mahitaji, taarifa zisizotosha, hasara ya fedha na unyanyapaa. Walizishauri mamlaka ziwaweke watu karantini kwa muda usiozidi unaohitajika na zieleze wazi sababu zake. Kuongeza muda siku ambayo mtu alitegemea kuachiwa, hata kwa siku chache, ni kumnyang'anya kitu alichokwisha kukihesabu kuwa chake.

Jirani wa kutojua ni kukosa usukani. David Glass na Jerome Singer walichapisha mwaka 1972 matokeo ya majaribio yao ya kelele. Watu walikaa katika chumba chenye kelele kali za ghafla, zisizofuata mpangilio wowote. Baadhi walionyeshwa swichi wakaambiwa: ukizidiwa bonyeza, kelele zitakoma, ila tungefurahi usipoibonyeza. Hawakuibonyeza. Walisikia kelele zote, kama wenzao wasio na swichi. Baadaye wote walipopewa mafumbo magumu na maandishi ya kusahihisha, waliokuwa na swichi walivumilia zaidi na kukosea kidogo. Swichi ambayo haikuguswa ilifanya kazi.

Lipo pia lile jaribio maarufu la mwaka 1967, ambapo Martin Seligman na Steven Maier waliona kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia, walipohamishiwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo kungewaokoa, wengi walilala chini tu. Kwa miongo kadhaa ilielezwa kwamba mbwa wale *walijifunza* kukata tamaa. Kisha mwaka 2016 watafiti haohao wawili, kwa kutumia yale yaliyogunduliwa baadaye kuhusu ubongo, walirudi wakasema tuliielewa kinyumenyume: kunyong'onyea ndiyo hali ambayo mwili huangukia wenyewe mateso yanaporefuka, na kinachofunzwa ni kuwa na la kufanya. Sehemu ya mbele ya ubongo ikigundua kwamba kitendo chako kimeleta matokeo, inaituliza ile hali ya kunyong'onyea. Napenda sana wanasayansi wanaojisahihisha baada ya miaka 49.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, njia inaanza kuonekana. Kama kinachochosha ni kukosa mwisho unaojulikana na kukosa usukani, basi cha kurudishwa ndani ya nyumba ni miisho midogo na usukani mdogo. Usihesabu siku kuelekea tarehe ambayo si yako kuipanga. Kata muda uwe vipande unavyoviamuru mwenyewe: wiki hii tunamaliza kurekebisha mlango ule, Ijumaa tunapumzika kwa namna ambayo siku nyingine hatupumziki. Chagua kila siku jambo moja linaloanza na kuisha kabla ya jua kuzama na linaloacha alama inayoonekana. Nilikuwa nikiwacheka watu waliopanga kabati lilelile mara tatu kwa mwezi. Siwacheki tena. Walikuwa wanaionyesha sehemu ya mbele ya ubongo kwamba mikono yao bado inaleta matokeo.

Richard Lazarus na Susan Folkman, mwaka 1984, walitofautisha namna mbili za kukabiliana na msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzishughulikia hisia linazoziamsha. Kosa la kawaida ni kuzibadilisha nafasi. Mtu anajituliza juu ya deni ambalo angeweza kupiga simu akaomba limegwe, kisha anapigana usiku kucha na mkondo wa maambukizi ambao hana uwezo nao. Karatasi na kalamu hutosha: upande mmoja yaliyo mkononi mwangu wiki hii, upande wa pili yaliyobaki. La upande wa kwanza linataka kitendo, hata kidogo. La upande wa pili linataka kuliwazwa, kuzungumzwa, kuombewa au kuachwa.

Simu kama panya anayetafuta mlio

Kufungua habari mara arobaini kwa siku si udhaifu wa tabia. Ni yule panya wa pili akitafuta onyo. Kila ukitazama idadi mpya unapata nafuu ya dakika moja, kisha kutojua kunarudi na hamu ya kutazama tena. Mwezi Februari 2020 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema wazi kwamba vita si dhidi ya virusi peke yake bali pia dhidi ya mafuriko ya habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika.

Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, ambao hunirudia kichwani mara kwa mara. Watu waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata waliripoti dalili kali za msongo kuliko hata watu waliokuwa eneo la tukio. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba habari ndizo zilizosababisha. Huenda wenye wasiwasi ndio wanaotazama zaidi. Hata hivyo onyo lake ni zito. Aliyekuwepo aliona tukio mara moja. Aliyekuwa kwenye skrini aliliona likirudiwa mara mia.

Kwa hiyo taarifa zipewe saa yake, mara moja au mbili kwa siku, kutoka chanzo kimoja au viwili vinavyowajibika, na zisiwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Makundi ya ujumbe ya ndugu na marafiki ndiyo magumu kuyapangia saa, kwa kuwa humo tangazo la kifo, salamu na uzushi wa dawa hupita mlango mmoja. Kuyanyamazisha yasilie usiku si utovu wa adabu. Hata wasiwasi wenyewe unaweza kupewa saa. Thomas Borkovec na wenzake walijaribu mbinu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980: chagua nusu saa na kiti, kila siku wakati uleule, uwe muda wa kuhangaika; wasiwasi ukibisha hodi saa nyingine uandike na uuambie usubiri saa yake. Inasikika kama mzaha mpaka ujaribu. Mengi ya yaliyoandikwa saa tatu asubuhi, ikifika saa kumi na moja jioni hayana tena meno.

Nyumba iliyomeza kila kitu

Kabla ya janga, nyumba ilikuwa mahali pamoja kati ya kadhaa. Kazi ilikuwa na jengo lake, masomo na lake, ibada na lake, na kati ya hapa na pale kulikuwa na njia. Ile njia tuliyokuwa tukiilalamikia, ya foleni na kusubiri, ilikuwa na kazi ambayo hatukuigundua mpaka ilipoondoka: ilimvua mtu cheo kimoja ikamvika kingine. Aliyefokewa na bosi alikuwa na dakika arobaini za kupoa kabla ya kufika kwa wanawe. Sasa ana hatua nne, kutoka mezani mpaka sebuleni.

Siku nazo zikapoteza kingo. Saa ya ndani ya mwili haitembei sawasawa na saa ya ukutani, kwa watu wengi inazidi saa 24 kidogo, na kila asubuhi hurekebishwa na mwanga. Kortisoli ileile tuliyoilaumu hapo juu ina kazi njema alfajiri: hupanda katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka na kumsimamisha mtu. Anayeamka saa nne ndani ya pazia zilizofungwa, akala akijisikia na kulala akichoka, anaishi katika uchovu unaofanana na wa msafiri aliyevuka mabara, bila kuondoka chumbani.

Ukiniuliza kipi cha kwanza, nitasema saa ya kuamka, si saa ya kulala. Usingizi haulazimishwi, kuamka kunawezekana. Amka wakati uleule hata baada ya usiku mbaya, kisha nenda penye mwanga, dirishani au uani. Hilo peke yake hurudisha mpangilio wa vingine vingi. Kabla ya kazi toka, hata kama kutoka ni kuizunguka nyumba mara tatu, kisha ingia kama unayefika kazini. Badili nguo. Kazi ikiisha funga kompyuta na uiondoe mbele ya macho.

Wenye vyumba vya ziada wamepewa ushauri wa kutosha. Wengi duniani hawana chumba cha kugeuza ofisi. Kama nyumba ni chumba kimoja, mpaka hauwezi kuwa ukuta, basi uwe wa saa na wa ishara. Meza ikitandikwa kitambaa hiki ni darasa, kikiondolewa ni meza ya chakula. Saa fulani hadi fulani hakuna anayemsemesha aliyeketi upande ule. Mpaka ni makubaliano, na makubaliano hayahitaji tofali.

Vyombo vikikaa pamoja

Waswahili husema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Lakini methali haituambii kwa nini vinagongana zaidi rafu ikitikiswa. Watafiti wanaofuatilia vikosi vinavyoishi pamoja kwenye nafasi finyu, vyombo vya angani na vituo vya Antaktika, wameona mara nyingi kwamba hasira isiyo na pa kwenda hupelekwa kwa asiyehusika: wanaanga hukorofishana na kituo cha mawasiliano kilichoko duniani, na kukilaumu kwa kutowaelewa. Nyumbani hakuna kituo cha mawasiliano cha kulaumu. Yupo mke, mume, mama mkwe, kijana wa miaka kumi na tano mwenye sauti kubwa ya simu.

Ugomvi mwingi wa siku hizo haukuwa juu ya kijiko. Ulikuwa juu ya kodi, juu ya baba mgonjwa aliye mji mwingine, juu ya kazi inayoyumba. Kuitaja hofu kwa jina lake husaidia kuliko inavyotegemewa. Matthew Lieberman na wenzake waliona mwaka 2007, kwa kupiga picha za ubongo, kwamba mtu akiipa hisia jina, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hupunguza kelele zake. "Nina hofu ya kodi ya mwezi ujao" na "mnapiga kelele sana humu" zinaweza kutoka kwenye kifua kimoja, ila ya kwanza huleta mtu kukaa karibu nawe, ya pili huanzisha vita.

Upweke wa dakika chache uwe haki ya kila mtu, watoto wakiwemo, na asiyetaka kusemeshwa kwa nusu saa asihesabiwe amenuna. Kazi za ndani nazo zinahitaji kuhesabiwa upya. Nyumba inayokaliwa siku nzima huchafuka mara tatu na hupikwa mara tatu, na kazi hiyo iliyoongezeka, kama hakuna aliyeisema, huangukia mabega yaleyale, mara nyingi ya wanawake. Hapo msongo hautibiwi kwa kumpa mama ushauri wa kutafakari. Mpunguzie sufuria.

Watoto huisoma hali kwa nyuso kabla ya maneno. Ukweli mfupi unaolingana na umri wao ni afadhali kuliko ukimya, kwa sababu ukimya huujaza wenyewe, na wanayoyabuni huwa mabaya kuliko yaliyopo. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akirudia, au mkubwa akianza kung'ang'ania mkono, hiyo ndiyo lugha yake. Haikomeshwi kwa adhabu.

Na anayeishi peke yake? Hana wa kugongana naye, na huo ndio mzigo wake. Sauti humsaidia kuliko maandishi, na simu fupi ya kila siku kuliko mazungumzo marefu ya mara moja kwa wiki. Mikutano ya video ina thamani yake, ingawa ikizidi inachosha kwa namna ya pekee: nyuso nyingi zinakutazama kwa karibu, na mmojawapo ni wako mwenyewe.

Pale ambapo ushauri huu haufai

Kuna nyumba ambamo hatari haiko nje. Aprili 5, 2020, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alitoa wito wa kusitisha ukatili majumbani, baada ya nchi kadhaa kuona simu za kuomba msaada zikiongezeka kwa kasi. Kumwambia anayepigwa kwamba apange ratiba na apumue polepole ni tusi. Anachohitaji ni njia ya kutoka na mtu wa kumpokea. Uingereza ilieleza wazi kwamba amri ya kukaa nyumbani haimzuii anayekimbia ukatili. Katika Visiwa vya Canary, Hispania, mwanamke aliweza kuingia duka la dawa akaomba "barakoa 19", na muuzaji akaelewa kwamba aliye mbele yake anaomba polisi. Anayemshuku jirani au ndugu kuwa katika hali hiyo ampe nafasi ya kujibu kwa ndiyo au hapana, kwa kuwa huenda simu inasikilizwa.

Wa pili ni yule ambaye fedha zimekatika. Huyo hana tatizo la mawazo, ana tatizo la fedha linaloleta mawazo. Mazoezi ya kupumua hayalipi kodi. Kuzungumza mapema na mwenye nyumba au mkopeshaji, kujiandikisha kwenye msaada uliopo, kumwambia ndugu ukweli kabla ya aibu kukomaa, hayo ndiyo matibabu, na huwa machungu.

Wa tatu ni aliyefiwa. Janga liliwazuia wengi kuuguza na kuzika. Pauline Boss, aliyetumia maisha yake kuchunguza misiba isiyo na hitimisho, ya watu waliopotea vitani au baharini, alieleza jinsi huzuni inavyogoma kusonga pale ambapo hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna mkusanyiko. Aliyeaga kwa skrini ana kitu kinachofanana na hicho. Kumbukumbu inayofanywa miezi sita baadaye, watu wakiwa wamekaa pamoja, bado ina kazi.

Na kileo, kwa kuwa wengi walikikimbilia: humletea mtu usingizi haraka, kisha huuvunja nusu ya pili ya usiku, na kesho yake wasiwasi huamka naye. Mtu akiona huzuni au kukosa hamu ya chochote kumemkaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hali wala halali, amwone mtaalamu wa afya. Wazo la kujidhuru lisisubiri wiki mbili. Lisemwe leo, kwa mtu, kwa sauti.

Baada ya nusu ya safari

Mwaka 1991 Robert Bechtel na Amy Berning waliandika juu ya jambo lililoonekana kwa watu wanaokaa majira ya baridi katika maeneo ya barafu: ari hushuka zaidi baada ya nusu ya muda kupita. Mwanzo una msisimko, mwisho una matumaini, robo ya tatu haina hiki wala kile. Si sheria, tafiti za baadaye zimeikuta mahali pengine na pengine hazikuikuta. Lakini kama ulijiona hodari mwezi wa kwanza ukaporomoka wa tatu, wakati hakuna jipya lililotokea, hukuwa dhaifu. Ulikuwa umefika mahali panapojulikana.

Lililowashangaza wengi zaidi ni siku ya kufunguliwa. Walioililia kwa miezi walisimama kizingitini wakarudi ndani mara mbili, mara ya kwanza kuchukua barakoa, mara ya pili bila sababu. Mwili uliofunzwa kwa siku 76 kwamba nje ni hatari hausikii tangazo la redio. Unafunzwa upya kama ulivyofunzwa awali, kwa kurudiarudia: leo mpaka getini, kesho mpaka kona ya mtaa na kusimama hapo mpaka moyo utulie, kesho kutwa kuvuka barabara, na kila jioni kurudi nyumbani salama.